Kumuulizia Ustadhi Masoud

Kiponda, 4 Rajab 1446

Kwa jina la Mola ajuaye yaliyomo vifuani. Mdogo wangu Nadra, amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako na nyumba yako. Mimi ni mzima, ila magoti. Je, mikono yako imepona miwasho ya mwani?

Kamati ya madrasa yetu imeamua kuwa hakuna atakayekaa na watoto, kwa mshahara au kwa kujitolea, mpaka mwenendo wake uulizwe polisi na huko alikotoka. Ni uamuzi mwema. Nimekabidhiwa kumuulizia Masoud, kijana anayeomba kusomesha nasi, aliyekuwa huko kwenu Jambiani. Alisoma mara moja tu mbele ya watoto, sote tukiwapo, na tangu siku hiyo mjukuu wangu Badria ananiambia, "Babu, yule hasinzii." Wazazi nao hawana neno jingine. Mimi nimekalia mkeka ule tangu ndevu zangu nyeusi, wala sikumbuki kusifiwa hivyo.

Nasikia aliondoka kwenu ghafla, bila kuagwa. Mtu haondoki hivyo bure. Niandikie lililomtoa, wala usilipunguze.

Kaka yako,
Mahfoudh

Jambiani, 19 Rajab 1446

Shikamoo kaka. Alhamdulillahi sote wazima, na mikono imepona. Barua yako nimeipata; naona wewe na simu bado hamjapatana.

Kumuulizia mtu atakayekaa na watoto ni wajibu. Lakini kaka, wewe huulizi, unatamani. Si wewe uliyenisomesha kwamba wanazuoni wa zama moja wakitiana dosari, maneno yao hukunjwa, hayasimuliwi, mpaka upatikane ushahidi wa mwengine? Basi ushahidi huu hapa, na mwanangu Riyama alikuwa darasani mwake.

Alikuwapo bwana mmoja wa ukoo mkubwa, akijitolea kuwafundisha watoto kuogelea. Hakuna aliyemchunguza, maana babu yake tunamjua. Masoud akamwona anabaki na mtoto peke yake baada ya wenziwe kurudi. Alimkataza, hakusikia. Masoud akaenda kwa sheha, na sheha akalifikisha polisi. Bwana yule ana kesi hadi leo. Ukoo ukakasirika, na nyumba aliyopanga Masoud ilikuwa yao. Wakamtolea vitu nje. Ndiyo sababu hakuagwa.

Najua ulitaka kusikia mengine. Wasomee kamati haya, kaka, kama yalivyo.

Mdogo wako,
Nadra

Kiponda, 12 Shaaban 1446

Mdogo wangu, amani na rehema zikufikie. Barua yako ilikaa chini ya mto wangu zaidi ya ilivyostahiki.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu niliisoma mbele ya kamati, kisha nikasema, "Rai yangu mimi msiipokee, kwani nina kijicho naye."

Mwenyekiti wetu, Borafya, akajibu, "Sheikh, hilo tulilijua. Tulingoja ulijue wewe."

Wakampigia simu sheha, na cheti cha polisi kikaja hakina doa. Masoud amepewa darasa la watoto wakubwa, Badria akiwamo. La kwanza aliloomba ni kwamba nasi wakongwe tuchunguzwe vile vile. Niliona uchungu, kisha nikaenda kutia alama za vidole.

Usidhani nimepona. Jana alasiri watoto wake walikuwa wakisoma chumba cha pili, kila herufi inatoka mahali pake, jambo nililolihangaikia umri wangu wote. Nikainuka nikafunga dirisha. Joto likanishinda, nikalifungua.

Mola akuhifadhi wewe usomaye haya, na Riyama, na wote walalao chini ya paa lenu. Amin.

Kaka yako,
Mahfoudh