Kiti cha Gari Nilichokipaka Mafuta ya Ng'ombe

Mpendwa Mama Généreuse,

Nakuomba msaada, na unisamehe kama barua hii haina mpangilio, kwa sababu kila nikitaka kuanza na kiti naona ningeanza na dereva, na nikianza na dereva naona bila kiti hutaelewa kitu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, karani wa ushirika wa wafugaji hapa Kirolirwe, nina diploma, na tangu nianze kazi sijawahi kupewa onyo hata la mdomo.

Papa Bisengimana, mkuu wa ushirika wetu, ana jeep yake aliyoinunua Goma, na viti vyake vimefunikwa na kitu cha kijivu chenye manyoya mafupi sana, laini, ambacho ukipitisha kidole kinabadilika rangi na ukikirudisha rangi inarudi, na yeye hutuambia sote, "Hii iko daim, ngozi ya kweli, mutu asipande na matope." Maziwa ndiyo hayaingii kabisa katika gari hiyo, hata chupa moja. Maziwa huenda kwa pikipiki, na hakuna asiyejua.

Wiki mbili zilizopita alinituma Ngungu kupeleka barua za mkutano, pamoja na dereva wake, kaka Jean de Dieu, na kule mama mdogo wangu akanipa kibidoni cha maziwa, na mimi badala ya kukataa nikakificha chini ya kitenge, pembeni yangu juu ya kiti. Jean de Dieu alikiona. Alisema tu, "Dada Christa, kamata muzuri, barabara haina huruma." Nilikamata, lakini kwenye mashimo ya mteremko mfuniko uliruka na nusu ya maziwa ikaingia kwenye kiti cha mbele.

Kesho yake nilikisugua kwa sabuni ya unga, maji ya moto na brosi ya kufulia, nikaacha milango wazi juani, na kiti kikakauka kigumu kama ngozi iliyosahauliwa kwenye vijiti vyake. Hapo ndipo nilipojiona mwenye akili, Mama, kwa sababu kwetu ngozi iliyokauka vibaya haitupwi. Tate wangu, mama wa baba, huipaka mafuta ya ng'ombe na kuikanda kwa viganja mpaka inakubali kukunjwa. Basi nikaomba mafuta kwa tate, na saa ya chakula, Papa akiwa mkutanoni, nikakipaka kiti na kukikanda. Siku ya kwanza kilionekana kizuri. Siku ya tatu kilikuwa cheusi, kinanata, kinanuka kibuyu cha kusukia maziwa kisichooshwa, na manyoya yameshikana vishungi vishungi kama ndama aliyetoka kulambwa na mama yake.

Papa Bisengimana alifungua mlango wa gari mbele ya wafugaji wote walioleta maziwa. "Nani njo alifanya hii?"

Jean de Dieu akasema, "Ni barabara, Papa."

"Tangu lini barabara inakamuliwaka?"

Watu walicheka. Mimi nilikuwa dirishani, kalamu mkononi, na sikusema neno. Papa akamnyang'anya funguo, akaingia ofisini, akasimama nyuma yangu na kunisomea barua ya kumfukuza Jean de Dieu, dereva wake wa miaka sita, "kwa uzembe na kuharibu gari," na mimi nikaipiga kwenye kompyuta, neno kwa neno. Anataka kuitia sahihi Ijumaa. Nilimwambia mashine ya kuchapa imeishiwa wino, lakini wino upo.

Sasa sielewi kitu. Jean de Dieu anakuja kila asubuhi, anakaa barazani bila kazi, ananisalimia, "Dada Christa, uko muzima? Na kiti, inaendelea aje?" kama mtu anayeulizia mgonjwa, na sijui kama ananilinda, ao ananingoja, ao ananicheka. Valérie wa duka ananiambia nimwage petroli. Émile fundi wa pikipiki anasema nipige pasi ya makaa. Binamu yangu alisema wembe, na huo niliujaribu kwenye kona ya nyuma, sasa pana upara wa kidole gumba. Kama ni ngozi, kwa nini imekataa mafuta? Kama si ngozi, Papa alinunua nini? Na ni Papa huyu huyu aliyesimama kanisani kunisifu siku nilipopata diploma, sasa nitamwangaliaje?

Mama, naomba uniambie namna ya kukirudisha kiti kabla ya Ijumaa, ili hasira yake ipoe na ile barua isiwe na kazi tena, bila mimi kusema. Ao nikisema, niseme nini kwanza?

Karani, Kirolirwe

*

Karani, jibu hili nimelituma kwenye simu yako Jumanne, kwa sababu Ijumaa haingojei gazeti. Majina yote nimeyabadilisha, lakini usijidanganye: harufu ya mafuta ya ng'ombe haibadilishwi jina.

Nianze na kiti, maana nakujua, hutasikia mengine mpaka nimalize hili. Nilimpigia Papa Yves, anayeshona viti vya malori kule Mubi, nikamsomea barua yako. Alicheka mpaka nikatishia kukata simu. Kisha akasema, "Mama, mwambie huyo mutoto, ndani ya hiyo kiti hakuna ng'ombe. Iko plastiki, wameivuta nyembamba kama nywele." Ndiyo daim ya kiwandani. Ngozi hunywa mafuta. Plastiki haiyanywi, inabaki imeyavaa, na vumbi linakuja kukaa juu yake. Tate wako hana kosa lolote. Wewe ndiye uliyemwomba dawa bila kumwonyesha mgonjwa.

Petroli, hapana. Pasi, hapana, itayayeyusha manyoya na hapo hata Papa Yves hatapokea simu yako. Wembe uurudishe ulikoutoa. Nunua pudre, ile poda ya watoto, uimwage nene juu ya kiti asubuhi, uiache inyonye mafuta mpaka jioni, halafu uikung'ute kwa brosi laini. Ikitoka imeshikana kama unga uliolowa, rudia kesho yake. Usitumie unga wa muhogo, ukikutana na maji utakuwa gundi. Mafuta yanayobaki uyafuate kwa alkoli ya duka la dawa, kidogo tu kwenye kitambaa cheupe, na ujaribu kwanza mahali pasipoonekana. Gusa na kuinua, gusa na kuinua, usisugue. Baada ya hapo chukua maji ya vuguvugu na sabuni laini ya kuogea, uchukue povu tu, maji yenyewe uyaache kwenye beseni, upitishe kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, kisha upanguse mara mbili kwa maji safi yenye siki kidogo, kwa ajili ya ile harufu ya maziwa. Kausha kivulini, si juani. Kikiwa karibu kukauka, ndipo kazi yenyewe inapoanza: mswaki laini, vishungi uvitenganishe kimoja kimoja kwa vidole, upige brosi upande huu na upande ule mpaka manyoya yasimame. Itakuchukua siku kadhaa. Ule upara utabaki upara.

Umeona? Siku kadhaa. Ijumaa itafika kiti kikiwa bado kibichi, na hata kingekauka, barua uliyoipiga haisemi kiti kisafishwe. Inasema mtu afukuzwe.

Binti yangu, nakuonea huruma kwa maziwa. Nani kati yetu anaweza kukataa zawadi ya mama mdogo? Kwa mafuta pia nakuhurumia, ulitaka kutengeneza. Lakini dirishani pale, hapana. Na ile habari ya wino, hapana kabisa. Unasema huelewi Jean de Dieu. Mimi nimemwelewa kwa kusoma mara moja. Alijibu "ni barabara" ili akupe nafasi ya kusema mwenyewe, na kila asubuhi anakuulizia kiti kwa sababu ana adabu, hataki kukuulizia kinywa chako.

Kesho, kabla ya wafugaji kufika na bidoni zao, mpitie Jean de Dieu barazani umwambie, "Kaka, naenda kusema." Usimwombe akusindikize, akitaka atakuja. Ingia kwa Papa Bisengimana, ufunge mlango, usimame. Sema, "Papa, maziwa yalikuwa yangu, mafuta niliyapaka mimi, na Jean de Dieu alijua akanyamaza." Anza na hayo. Usianze na barabara, wala na diploma. Mambo ya plastiki usiyaguse siku hiyo. Mtu aliyejisifia ngozi miaka yote hapaswi kuuliwa ngozi yake na karani wake asubuhi ile ile anayosikia habari ya maziwa. Akikuuliza kwa nini kiti kilikataa mafuta, umjibu kwa sauti ya chini, mlango ukiwa bado umefungwa.

Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize. Kama atakurudisha kwenye mashine uandike barua nyingine, ya kukufukuza wewe, iandike bila kosa, weka tarehe, mpe asaini, na wino tayari unao. Na kesho yake rudi na pudre yako na mswaki wako umalize kiti, uwe na kazi ao usiwe nayo, kwa sababu wewe ndiye uliyekiharibu.

Mama Généreuse