Dawati la Poni

Jumatatu, 9 Juni
Darasa la sita tena. Majibu ya hesabu sahihi, maelezo hakuna. Nauliza umepataje, wanatazama sakafu. Madam, mwalimu mkuu wetu, atakuja Ijumaa kuwasikia wakieleza. Wakishindwa, darasa anampa mwingine. Nilijisomesha kwa kufyatua matofali kule Arua, halafu napewa darasa ambalo wenzangu walilikataa. Hawakuniambia kwa nini. Sawa.

Jumanne, 10 Juni
Keji, mmoja wao, kaeleza. Vizuri mno. Ila hakutuangalia sisi. Aliangalia dawati tupu la nyuma, karibu na dirisha. Hatua moja, akangoja, akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Lado vilevile. Wenzake wakamkatiza: "We Lado, unakimbia wapi? Poni hajaelewa."
Sina Poni darasani.

Jumatano, 11 Juni
Nimeuliza. Poni alikufa kwa malaria, mvua za mwaka jana. Hesabu zilimpa taabu, na darasa lilikuwa na desturi yake: hakuna kuvuka hatua mpaka Poni aelewe. Wameiendeleza. Sikupenda. Dawati nimelifungia stoo.

Alhamisi, 12 Juni
Kimya. Hata Keji. Chaki mkononi, mdomo umefungwa. Nimegomba mpaka sauti imekauka.
Mchana nikafungua stoo. Mvua ilikuwa imenyesha, bati limepoa, kila kitu mle baridi. Benchi la lile dawati lilikuwa na joto, pale pa kukalia tu. Ufunguo ninao mimi.
Nimelirudisha. Si kwamba naamini. Nataka darasa langu.

Ijumaa, 13 Juni
Madam alikaa mbele. Keji akapewa nusu jumlisha theluthi. Akaandika mbili juu ya tano. Kakosea, mbele ya Madam. Akalieleza dawati, akangoja. Uso wa mtu aliyeulizwa swali.
"Eh, kweli. Nusu peke yake inashinda hii. Tumeongeza, sasa imepunguaje?"
Akafuta. Akazigeuza zote ziwe sehemu za sita: tatu, na mbili. Tano juu ya sita.
"Unaongea na nani, binti?" Madam akauliza. Kisha akaniambia, "Ustaz, endelea nao." Akatoka bila kutazama upande wa dirisha.

Jumatatu, 16 Juni
Nimefika mapema, peke yangu. Nilikuwa najaribu somo la asilimia ubaoni, kwa sauti. Hatua ya pili nikanyamaza. Nikageuka nyuma, kwenye dawati la dirishani, nikangoja.
Nimefuta. Nimeanza upya, polepole.