Mjusi Wako Hasimami, Ouma

Ouma ndugu yangu,

Mjusi wako hasimami. Nimejaribu tangu asubuhi hapa kwenye mkeka, na kila nikimwachilia anaanguka kifudifudi kama mlevi. Nimemtukana, na wewe pia nimekutukana. Nisamehe. Lakini kwani ulikuwa na haraka gani? Si ungenionyesha kwanza, ndio uende?

Binti yako Akoth ananiangalia kutoka mlangoni. Tangu tukutoe mochari hapa Homa Bay tukakulaze nyumbani Macalder, huyu mtoto hali. Ukimpa uji anashika kikombe tu mpaka uji unaweka utando. Mama yake ulimzika wewe mwenyewe, sasa amebaki na mimi, na mimi sijui kulea, Ouma, sijui kitu. Anachoitisha ni kimoja tu: mjusi wa baba.

Unajua walichofanya? Baada ya mazishi ukoo ulikaa kugawa vitu vyako, kama desturi inavyotaka. Koti likaenda kwa mjomba, baiskeli kwa binamu Ochieng. Mimi nilikuwa nimeenda kuchota maji. Kurudi, namkuta Waya Dorina, shangazi yetu, amemvunja mjusi katikati ya boma, anawagawia watoto yale matofali madogo ya plastiki uliyomjengea, kila mtoto kiganja chake. Ati asibaki mtoto wa ukoo bila kitu cha Ouma. Na alikuwa analia akigawa! Angekuwa na roho mbaya ningempigia kelele hadi Migori wanisikie. Lakini nitamwambia nini mtu anayegawa kwa upendo? Akoth alipewa kichwa. Amelala nacho tangu siku hiyo.

Basi nikazunguka boma kwa boma nikiomba. Yawa, niliitwa mchawi! Wakasema kitu cha marehemu ukishapewa hakirudi, kukirudisha ni kama kumfukuza marehemu mwenyewe. Mama mmoja alinifungia mlango nikiwa bado nasalimia. Watoto ndio walionihurumia. Niliwapa njugu na mandazi, nao wakanimwagia matofali kwenye leso yangu, mengine yameng'atwa na mbwa. Nikaja nayo huku mjini nikidhani kazi imeisha. Kumbe.

Ulikuwa unafanyaje, wewe? Nakumbuka siku Bwana Abdalla, tajiri wako wa nyumba ya video, alipokupa lile gunia lililotoka kwenye robota la mitumba. Matofali ya kila aina, hakuna lililokubali kushikana na mwenzake. Ukayaloweka kwa maji moto, ukayakwaruza na kisu, ukiyabembeleza kama wagonjwa, mpaka yakashikana. Nilikucheka. Nilisema mwanaume mzima anacheza! Wewe ukajibu tu, "Ngoja."

Ukiona filamu mara moja, kesho yake umeijenga kwa matofali, iko juu ya meza pale mlangoni kwa Abdalla. Leo meli ya angani, kesho roboti, na ile wiki ya mijusi wakubwa wanaovunja ua, ukamtengeneza huyu, mrefu kuliko Akoth. Akina mama wauza dagaa wa omena hawakuhitaji kusoma bango. Walikuwa wanapita na karai kichwani wakipiga kelele, "Leo ni mjusi! Leo ni mjusi!" Sasa Abdalla ameweka ubao wa chaki. Watu wanapita tu. Juzi aliniambia, "Dada, huu mlango wangu umekuwa bubu," kisha akageuka upesi nisimwone uso.

Mimi pia nimechoka, Ouma. Leo nilipiga yale matofali teke. Yakatawanyika mpaka chini ya kitanda, nikakaa chini nikalia kwa sauti, mbele ya mtoto. Aibu gani hii.

Ndipo Akoth akaja akakaa kando yangu. Akaokota moja, akaokota lingine. Akaniambia mimi shangazi yake, "Waya, si hivyo. Baba huanza na mkia." Halafu akaniuliza, "Betri ziko wapi?"

Betri! Zile kuukuu za redio ulizokuwa unazificha ndani ya mkia ili uzito umshike asianguke. Waya Dorina alizitupa akidhani ni takataka, na mimi nilimwona akizitupa, nikaziacha kwa sababu sikujua. Nikakimbia kwa jirani kuomba zilizokufa. Tukaanza na mkia, mimi na binti yako. Ananielekeza na kidole, mkali kama wewe. Mwisho akaleta kichwa akakiweka mwenyewe.

Akasimama, Ouma. Mjusi wako akasimama.

Na mtoto akaitisha uji! Nyasaye, Mungu wangu, nilipika mbio. Akanywa nusu. Halafu akaweka kikombe mbele ya mjusi, akasema nusu ni ya baba, akifika kutoka Mbita.

Maana hivyo ndivyo tulivyomwambia. Siku ya mazishi tulimweka kwa jirani asione, tukasema umeenda Mbita kutengeneza jenereta, utarudi na kivuko. Watu wazima wote waliitikia, hata pasta. Na sasa ameketi mlangoni kwa furaha, anaangalia njia. Nilikuwa nataka ale tu. Sikujua nikimsimamisha mjusi nitakuwa nimemwambia mtoto kwamba unakuja.

Natamani nimbomoe tena huyu mjusi. Siwezi.

Kwaheri ndugu yangu, lala pale penye baridi na usituonee uchungu. Mbele yako naahidi: kesho nitampeleka Macalder, nimshike mkono mpaka kwenye kaburi lako, na mimi ndiye nitakayemwambia. Akinichukia, anichukie. Mjusi tutambeba.

Ule uji nimeufunika. Sijathubutu kuumwaga.

Dada yako,
Adhiambo