Karani Wangu Alisema Ameliona Jina la Wairimu

Jumamosi. Nyeri imefunikwa na ukungu tangu asubuhi, mlima umejificha, na mimi pia ningependa kujificha. Lakini wacha nianze na mazuri.

Mimi ni mtu wa bahati. Shule niliachia darasa la saba, Mombasa nimekaa, Dubai nimefanya kazi miezi sita, na leo niko na duka la uchapishaji mjini linalopokea barua pepe nyingi kuliko ofisi za watu wa digrii. Kadi za harusi, za ruracio ya kupeleka mahari, vijitabu vya mazishi, zote zinapitia kwangu. Na tangu niweke ile programu inayojibu barua yenyewe, hakuna mteja amewahi kulalamika. Hata mmoja.

Programu hiyo naiita Karani. Karani hali, hachelewi, haombi ruhusa ya kwenda kwa shemeji. Mteja akiandika, Karani anaangalia maneno mawili matatu, anajua kama ni oda au ni marekebisho, anajibu hapo hapo. Majibu niliyatunga mimi mwenyewe, nikajiona mwandishi. Lile la marekebisho lilisema: "Asante! Tumeyaona marekebisho yako na tumeyaingiza. Wewe pumzika, kazi iko mikononi mwa mabingwa."

Tumeyaona. Nani aliyaona?

Mwalimu Gathoni wa Mweiga ndiye aliyenifundisha kusoma. Nilipoacha shule, ni yeye peke yake aliyekuja nyumbani kuuliza kwa nini. Wiki jana alifiwa na mumewe, Mzee Githinji, na kazi ya kijitabu cha mazishi akanipa mimi, ingawa mji umejaa maduka yenye mashine mpya kuliko zangu.

Huku kwetu kijitabu hicho ni kitu kizito. Ukurasa wa pili unasema marehemu alikuwa baba ya nani na nani. Kama uko, uko. Kinawekwa kabatini pamoja na picha za harusi, na miaka ishirini baadaye, watu wakibishana nani ni wa nyumba hii, kinatolewa.

Sasa, Mzee Githinji alikuwa na binti mwingine, Wairimu, aliyemzaa na mwanamke wa Wang'uru kabla hajamwoa Mwalimu. Watoto wa nyumbani hawakutaka aandikwe. Jumatano, kwenye mkutano wa jioni wa kupanga mazishi, Mwalimu alisimama akawaambia kwamba bila Wairimu hakuna kijitabu. Wakakubali. Alhamisi asubuhi akaniandikia hayo yote, akaniomba niongeze jina la Wairimu, tena liwe la kwanza, maana ndiye mkubwa wao.

Karani alimjibu kabla hajaweka simu chini. Tumeyaona, tumeyaingiza, pumzika.

Akaandika tena: "Asante mwanangu. Umenitua mzigo ambao huujui." Karani akajibu: "Karibu tena! Tunangojea kazi yako nyingine."

Mama amefiwa, na sisi tunangojea kazi nyingine.

Mimi wakati huo nilikuwa hotelini nikila chapati na madondo, nikiwaonyesha wenzangu wa biashara vile simu yangu inajijibu. Mmoja akasema, "Wewe Njogu, siku moja hata bibi yako atajibiwa na hiyo kitu." Nikamwambia ashajibiwa zamani. Tulicheka mpaka mhudumu akaja kuangalia.

Alasiri nikachapisha vijitabu mia mbili. Vya maneno ya kwanza, yasiyo na Wairimu.

Jana nilivipeleka Mweiga na kuvigawa kwa mkono wangu, nikitembea katikati ya mahema kama mwenye boma. Wairimu alikuwa amekaa mbele na watoto wa familia, amefungwa utepe mweusi kama wao. Nikampa chake. Akafungua ukurasa wa pili, akasoma. Akaenda wa tatu, akarudi wa pili, akageuza mpaka nyuma kabisa, pale ninapoandika jina la duka langu. Halafu akafungua utepe wake, akauweka juu ya kijitabu, akaviacha kwenye kiti na kwenda kukaa na majirani.

Shangazi mmoja akamnong'onezea mwenzake: "Si nilikuambia? Ata kitabu imemkataa."

Mwalimu alinipata kando ya jiko la wapishi.

"Njogu, jina liko wapi?"

"Mwalimu, hiyo barua haikufika."

Akatoa simu kwa mkoba, polepole, vile alikuwa akitoa daftari langu.

"Haikufika, na ulinijibu?"

"Ni mtandao, Mwalimu. Mtandao ya siku hizi..."

"Kwa hivyo ni mtandao iliniambia nipumzike?"

Nikasema nitachapisha upya, bure, leo leo. "Tutamzika mara ya pili?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Alishika kipaza sauti yeye mwenyewe, akamwita Wairimu kwa jina aje aweke shada na ndugu zake. Wairimu alikuja. Lakini vijitabu vilikuwa vimeshaingia kwenye mikoba ya watu, na vitakaa kabatini vile vilivyo.

Kukosea ni kwa binadamu. Lakini mimi nilimdanganya mama anayezika mumewe, ushahidi akiwa nao mkononi, ili tu nisionekane mjinga mbele ya wapishi. Hiyo ndiyo inayonichoma.

Leo nimezima Karani. Nimeweka jibu moja tu: "Barua yako imeingia. Bado sijaisoma. Kama ni ya haraka, nipigie." Jumatatu naenda Wang'uru kumwona Wairimu, na sijui nitasema nini. Mwalimu sijamwandikia bado. Kila nikianza, maneno yanatoka kama ya Karani.

Halafu nimekaa kusoma barua zote, moja moja, tangu mwanzo. Kuna bibi arusi ambaye kadi yake niliiandika jina la dada yake. Kuna mchungaji aliyeuliza kazi yake mara nne. Kuna mtu aliandika tu, "Kwani huko hakuna mtu?" Karani aliwashukuru wote.

Kwa hivyo ile ya kusema hakuna mteja amewahi kulalamika ni uongo. Wamelalamika. Mimi ndiye sikuwa nasoma.