Mkeka Wangu Ulibaki Mchangani

Mwalimu, mume wangu,

Siku ile walipokutoa ndani kukupeleka msikitini, mdogo wako Shabani alisimama mlangoni akaniuliza mbele ya watu wote, kama anavyoulizwa kila mjane wa kwetu kabla jeneza halijatoka: "Shemeji, unamusamehe?" Nikasema nimekusamehe. Nikarudia kwa sauti, wasije wakasema sikusikika. Nilidhani najua ninachokusamehe: ukali wako, manung'uniko yako juu ya chumvi, Jumamosi zote ulizozimalizia ziwani. Sasa eda yangu imekwisha na nimejua kuna jambo lingine. Ndiyo maana nakuandikia. Sijui kama ule msamaha bado una nguvu.

Tuanze Rumonge, kwetu kando ya ziwa, maana huko ndiko ulikonitoa. Ulikuwa mwalimu kijana, umepangiwa shule yetu, na ulikuwa umeazima mtumbwi wa baba yangu ujifunze kupiga kasia. Kasia likakuponyoka. Ukabaki umekaa katikati ya maji unazunguka, shati jeupe, viatu miguuni, na wanafunzi wako wanacheka ufukweni. Nikaingia majini na kitenge changu, nikaliogelea, nikakuletea. Ulinishukuru kwa Kifaransa. Nilikupenda kwa upuuzi ule, Mwalimu, na hadi leo nikikumbuka nacheka kidogo kabla hasira haijapanda.

Tulipohamia Bujumbura ukanunua mtumbwi wako mwenyewe, ukaupaka rangi ya kijani, ukauacha ufukweni Kajaga kwa Bosco, yule anayelinda mitumbwi ya watu. Jumamosi ya kwanza nilivaa vizuri nikabeba chupa ya chai. Nilikuwa nimeshainua mguu nipande uliponishika mkono.

"Apana, Mariamu. Bavuvi ba hapa hawapende mwanamuke mu mtumbwi. Ni muziro wao. Tubaheshimu."

Mimi mtoto wa mvuvi ningebishaje mwiko wa wavuvi? Hata kwetu walikuwepo wazee waliosema mwanamke akipanda samaki hukimbia. Nikatandika mkeka mchangani, nikakaa, nikakuangalia ukizidi kuwa mdogo hadi nisikuone tena. Jumamosi ile, na iliyofuata, na zote zilizofuata. Wavulana wetu walijifunza kutambaa juu ya mkeka ule. Walipopata akili ukawa unawachukua nao, mimi nikabaki na chupa ya chai.

Ukirudi ulikuwa mtamu, hilo sikunyimi. Unakaa jikoni suruali imejaa mchanga, unanichorea ukutani kwa chaki: huu mdomo wa mto Rusizi, hapa viboko wamelala, hapa ndipo nilipogeuka nikaziona nyumba za Kibenga ndogo kama viberiti. Ulinifundisha ziwa kama unavyofundisha darasa la tatu, na ukiniuliza swali nilijibu. Nilikukaangia samaki wa mukeke, nikafua suruali.

Ulipostaafu, shule ikakupa saa ya ukutani. Ukaitundika sebuleni hapa Mutakura, ukaondoka. Haikuwa Jumamosi tena, ikawa kila siku ya Mungu. Saa yako niliiangalia mimi.

Nikiwa katika eda alikuja Madamu Goreti, mliyefundisha naye. Alilia kweli, akanishika mikono yote miwili. "Mama, Mwalimu alikuwaga mutu muzuri. Alitupelekaga ku ziwa sisi bamadamu bote ba shule, kuangalia viboko. Mu ule mtumbwi yake ya kijani."

Nilimpa chai. Nikajiambia labda wavuvi waliwaogopa kwa kuwa ni wasomi. Unaona nilivyokuwa bado nakutetea, na wewe uko kaburini.

Eda ilipokwisha nikaenda Kajaga kuuona mtumbwi, kwa sababu Shabani alishaanza kusema hicho ni kitu cha wanaume wa familia. Ziwa limepanda sana. Pale nilipokuwa natandika mkeka pamekuwa maji matupu. Bosco alinipokea kwa heshima, akauvuta mtumbwi karibu, akaninyooshea mkono.

"Panda, mama. Nitakupeleka polepole."

Nikamuuliza, na ule muziro?

Akashangaa. "Iyo ni ya mitumbwi ya kuvua, mama. Ya Mwalimu ilivuaga nini? Bibi yangu mwenyewe, mama ya batoto bangu, aliipandaga." Kisha akashusha sauti, maskini, kwa kunionea huruma. "Sisi tulikuwa tunamuuliza, mbona mama anabakiaga ku muchanga. Alitwambia weye unaogopa maji."

Naogopa maji. Mimi. Niliyekufuatia kasia majini, wewe umekaa na viatu vyako.

Kumbe wale wavuvi walionisalimia kwa upole kila Jumamosi, nikidhani wananiheshimu kwa kuheshimu mila yao, walikuwa wanamhurumia mwoga. Nimefikiri sana kwa nini. Ningependa sababu iwe mwanamke mwingine, ningepata jina la kulichukia. Lakini Bosco anasema siku nyingi ulikuwa peke yako huko mbali, makasia umeyalaza, umekaa tu. Basi nimeelewa: ulitaka mahali ambapo mimi sipo. Ungeniambia. Ningeumia siku mbili, halafu ningekuachia ziwa lako nikaenda kwa dada yangu, nikalala, nikaishi. Ila ukanikalisha juani ujana wangu wote, nikusubiri, nikiheshimu katazo ulilolitunga wewe.

Nilipanda, Mwalimu. Bosco alipiga kasia mpaka Kajaga yote ikawa mbele ya macho yangu, kisha nikamwambia anipe makasia. Mikono haijasahau kitu. Nililia, na sikuwa nakulilia wewe.

Jana Shabani alikuja kuuliza habari za mtumbwi. Nikamwambia unabaki kwangu, na Jumamosi tunakwenda ziwani mimi, Madamu Goreti na mke wa Bosco. Akaniambia, "Shemeji, mbona uko na kasirani? Si ulimusamehe mbele yetu bote?"

Nikamjibu nilimsamehe mtu niliyemjua.

Na wewe nakujibu hivyo hivyo. Ukali, chumvi, hata zile Jumamosi zenyewe, vyote nilivisamehe na sirudi nyuma. Hili la maji sikuulizwa, kwa hiyo sikulisamehe. Kaka na wadogo zako wasinijie nalo. Uniombe mwenyewe, siku tutakaposimamishwa mbele ya Mungu, nikikutazama usoni na huna mtumbwi wa kuondokea.

Lala, Mwalimu. Una muda wa kutosha kutafuta la kuniambia.

Mkeo