Mguu wa Kukanyaga

Jumatatu, 11 Machi

Raelene kapiga simu. Huyu binti yangu hazunguki. Anakuja Pasaka, na akilikuta gari bado limekufa bandani, nafunga mizigo naenda kuishi kwake Adelaide. Kwenye kile chumba cha cherehani! "Baba, dukani utaendaje, kwa magoti hayo?" Nikamwambia gari litatembea. Akacheka. Nilistahili. Ni Holden ya mwaka sitini na nne, haijanguruma tangu mama yake, Joss, afariki.

Nimefungua boneti. Panya wamejenga humo, wamezaa humo, na waya za taa wamezitafuna zote.

Alhamisi, 14 Machi

Kabureta iko juu ya meza ya jikoni, kwenye gazeti. Joss angenitimua na spana yangu. Petroli ya zamani imeganda ndani, nzito kama asali, na inanuka vibaya. Nimeosha, nimepuliza kitundu kimoja kimoja, nimeweka gasketi mpya. Boya la mafuta ndani yake ni zima kabisa! Nikageuka nimwonyeshe mtu. Paka wa jirani alikuwa dirishani. Nikamwonyesha yeye. Kaondoka.

Jumapili, 17 Machi

Waya. Siku nzima chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni. Nimepitisha mpya kutoka mbele mpaka nyuma. Taa kubwa zinawaka. Honi inalia — nimejitisha mwenyewe. Nimekula pasti baridi ya nyama na viazi nimesimama. Kuweka sahani moja mezani bado sijazoea.

Jumatano, 20 Machi

Kabureta imerudi mahali pake na hapo ndipo nilipokwama. Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja ndani, anawasha na kukanyaga mafuta. Mwingine mbele, kiganja kwenye mdomo wa kabureta, bisibisi mkono wa pili, anasikiliza. Mguu siku zote ulikuwa wa Joss. Mimi napiga kelele "Haya!", yeye anakanyaga, huku anafuma sweta na kunilaani.

Leo nawasha, nakimbia mbele, nakuta imeshazima. Narudi. Nawasha. Nakimbia. Magoti yamevimba. Nikasema basi nijaribu taa za breki, nikakaza mti wa ufagio kati ya kiti na pedali. Kabla sijafika nyuma umechomoka ukaangukia honi. Mbwa wote wa mtaa wamenijibu.

Jumamosi, 23 Machi

Nimelisukuma gari mpaka nje, mteremko ukinisaidia, mbele ya nyumba, boneti wazi. Ni mtego, nakiri. Hapa Moonta boneti ikifunguliwa barabarani wanaume huja wenyewe. Hawaitwi. Wanatia mikono mifukoni, wanaegemea, wanakukosoa. Zamani chai ilikuwa haitoshi. Lakini katika wale wenzangu Clem kafa, na Garth yuko nyumba ya wazee, hanijui tena. Nimekaa kwenye kiti cha turubai mpaka mchana. Magari yamepita. Vijana wamepunga mikono, wamepita.

Halafu Sukhwant, jirani mpya, dereva wa lori, akasimama kwenye uzio. "Anko, nikusaidie?"

Nikasema, "Ah, niko sawa, usijisumbue."

"Sawa, anko." Akaingia kwake!

Mpumbavu! Si yeye — mimi. Kwetu unakataa kwanza, halafu mwenzako anajifanya kiziwi, anabaki palepale. Ndivyo tulivyoishi wote. Huyu kanisikia kweli, kwa adabu zake zote. Nimefunga boneti.

Jumanne, 26 Machi

Upepo. Vumbi. Leo nimeongea na mtu mmoja, msichana wa dukani. Kauliza kama nataka risiti. Nikasema hapana. Basi.

Nina upweke. Nimeliandika neno hilo, halitaki kufutika.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Raelene anafika kesho. Asubuhi nimevaa shati safi nikaenda kwa Sukhwant, nikijikaririsha sentensi njiani kama mtoto wa shule. Akafungua mkewe, Baljit, unga mpaka viwikoni. Mumewe yuko safarini na lori, mpaka Jumatatu.

"Ah, basi, niko sawa—" Nikajisikia nikisema yale yale tena. Nikasimama pale pale. "Hapana. Siko sawa. Nahitaji mtu wa kukanyaga."

"Kukanyaga nini?"

"Pedali. Ya gari."

"Anko, miguu ninayo miwili! Wiki nzima tunakuchungulia unakimbia huku na huku. Sukhwant alitaka kurudi, nikamkataza. Nikasema mzee kasema hataki, usimuudhi."

Kanawa mikono, kaja, kakaa kwenye kiti cha dereva. Kiti cha Joss. Nikaenda mbele haraka nisiangalie.

"Haya!"

Ikakohoa. Moshi mweusi. Ikakohoa tena — ikashika!

"Usitoe mguu!"

"Sitoi! Na usinifokee, anko!"

Nikazungusha skrubu polepole mpaka sauti ikatulia. Ile ile sauti. Nikamwambia mguu mwingine akanyage breki, nikaenda nyuma. Taa ya kulia ikawaka, nyekundu, safi. Ya kushoto giza.

"Zinawaka?" akauliza.

"Moja."

"Moja ni nzuri au mbaya?"

Nikamwambia naingia ndani kutafuta balbu, asitoe mguu.

Sasa niko jikoni, mikono ina mafuta, naichafua hii karatasi. Injini inanguruma nje na kuna mtu ndani ya gari. Balbu iko kwenye mfuko wa shati. Imekuwepo tangu asubuhi. Acha machozi yakauke usoni kwanza.

Anapiga honi. Anaita: "Anko! Mguu nitoe au nisitoe?"