Mgongo Wangu na Samli ya Dada Yako

Nyarero, Tarime
Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali

Shemeji yangu Filemoni,

Pokea salamu huko Natta, wewe na Kezia wako na wale ng'ombe wako wembamba. Goti linaendeleaje? Kama bado linauma usihuzunike sana, hata lilipokuwa zima hukuwahi kunishinda mbio. Sisi hapa ni wazima, kwa uzima wa watu waliozika mwezi uliopita. Mahindi yako ndani, ng'ombe wanakula, na baridi ya mwaka huu imetukaba shingo. Asubuhi ukungu unafika mpaka mlangoni, mtu akikojoa moshi unapanda. Utasema niache maneno hayo nikiwa mzee wa kanisa, lakini ndiyo habari yenyewe.

Nakuandikia kwa mkono, mimi wa darasa la nne, kwa sababu nikiongea kwenye simu yangu, huko jikoni wanasikia kila kitu, na jambo hili halitakiwi kufika jikoni. Barua nitampa kondakta wa basi, namjua baba yake, hawezi kuipoteza.

Kwanza nimshukuru mwanao Rose kwa yale mafuta ya kopo aliyonitumia pamoja na maagizo yake ya kinesi. Kasema nisioge maji ya moto sana, nisikawie bafuni, sabuni iwe kidogo, nijipake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, ninywe maji hata kama sina kiu, na nisiusogelee moto kama paka. Mwambie nimeyashika yote isipokuwa yale niliyoyakataa. Maji ya uvuguvugu alfajiri ya Nyarero ni kifungo cha jela, na moto siuachi. Mafuta yake nilipaka uso na mikono, kama mtu anayepaka rangi nyumba upande wa barabarani tu.

Kazi iko mgongoni. Wewe unajua mgongo wangu ulikuwa wa dada yako. Baridi ikianza, kila nikitoka kuoga, Gati ananikalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anachota samli kwa vidole, anaipasha viganjani, halafu ananisugua mpaka meno yanagongana. Nikimwambia apunguze nguvu, hapigi lipu ukuta, ananijibu kwamba afadhali ukuta, hauna mdomo.

Sasa nani anipake? Gidion yuko Mwanza na kazi zake za ujenzi. Hapa nimebaki na Lilian mkewe, na desturi yetu Wakurya unaijua. Mkamwana hata kivuli changu anakipisha. Akinikuta kifua wazi anageuka na ndoo yake kurudi alikotoka. Mgongo wa baba mkwe haushikwi. Basi nikawa najisugua kwenye nguzo ya zizi, na fahali amesimama pembeni anasubiri zamu yake.

Nikapauka, shemeji. Magaga yakapasuka mpaka yakatoa damu. Sokoni Tarime, Revocatus yule muuza mitumba akanipigia kelele mbele ya wanawake, akiniuliza kama nimelala kwenye majivu. Nikamjibu ndiyo, na mama yake anamsalimia. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Habari ikafika nyumbani kabla yangu. Lilian akaniuliza, akiwa ameangalia pembeni kama ilivyo adabu, kwa nini naumia wakati samli ya mama ipo, nusu ya kopo, pale kwenye kona ya chumba. Nikamwambia inanuka. Uongo mtupu.

Sasa sogea karibu, Filemoni.

Asubuhi ile ya mwisho Gati alinipaka kama kawaida, akafunika kopo, akaenda kukamua. Hapo zizini ndipo alipoanguka, asiinuke tena. Mlipoondoka baada ya mazishi nikafungua lile kopo, sijui nilikuwa natafuta nini. Samli imeganda kwa baridi, na juu yake kuna alama za vidole vyake. Vinne. Hata kile kidogo kilichopinda, alichokanyagwa na ndama akiwa msichana kwenu, kimepinda vilevile humo ndani.

Nikafunika. Tangu siku hiyo nikawa naamka, nafungua, naangalia, nafunika. Wenzangu wakilalamikia baridi, mimi naiombea isiondoke, maana najua jua la mwezi wa tisa lingeviyeyusha. Mzee mzima, ngozi inapasuka, anaomba baridi iongezeke. Cheka, nakuruhusu.

Jua halikusubiriwa. Jumamosi ya wiki mbili nyuma nilirudi kutoka kupeleka maziwa nikamkuta Lilian amefanya kazi yake. Alifikiri vidole vyangu vimekakamaa, siwezi kuchota samli ngumu. Ameweka kopo kwenye makaa, ameyeyusha, amechuja kwa kitambaa safi, ametia yote kwenye chupa ya soda. Na kopo amelisugua kwa majivu mpaka linawaka, amelifudikiza kwenye kichanja. Akaja mlangoni uso umegeuka, akaweka chupa chini, akarudi nyuma. Akasema, Baba, sasa itamiminika yenyewe mgongoni, hutahitaji mtu.

Nilimwambia asante mama, umefanya vizuri. Na kweli alifanya vizuri. Alitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba, maana naye alimpenda mama mkwe wake kuliko sisi tulivyodhani. Nikaenda nyuma ya zizi nikalia, Filemoni, nikalia kwa sauti ya ajabu mpaka ng'ombe wakaacha kucheua.

Sijamwambia na sitamwambia. Wewe pia usimwambie Gidion, wala Kezia, ambaye siri zake zinafika Mugumu kabla ya basi. Huyu binti akijua alichoyeyusha hatakaa alale.

Kwa hiyo sasa najipaka. Lilian anasikiliza nje kama nimejipaka, nitafanyaje? Usiku samli inaganda tena chupani, nyeupe, laini, haina alama ya mtu. Asubuhi naisogeza kwenye moto, namimina begani, inashuka yenyewe kama alivyosema. Jana kanisani akina mama wa kwaya wamenizunguka wakisema mzee Waitara ameng'aa, bila shaka kuna mjane anamvizia. Nikawaambia wajipange foleni.

Ni kweli nang'aa, shemeji. Chupa imebaki robo.

Nisalimie watoto wote, na Kezia umshike mkono kwa niaba yangu. Rose mwambie ngozi ya mzee imekuwa nzuri, asiulize zaidi ya hapo. Goti likikuruhusu, panda basi uje tukae wawili, hata bila kuongea.

Ni mimi shemeji yako,
Waitara